Miti ya Katikati

Ukitaka kujua kwa nini jengo limeanguka, usijisumbue kumtafuta mhandisi. Nenda kwenye mashine ya kusaga. Pale, kati ya debe la huyu na debe la yule, utapewa sababu hata tano, zote za uhakika, na kila moja ina shahidi wake ambaye kwa bahati mbaya amesafiri.

Ndivyo ilivyokuwa baada ya ghorofa la tajiri wa magodoro kuporomoka. Lilikuwa bado changa, ndiyo kwanza limemwagiwa zege la slabu ya kwanza, ile sakafu ya juu, na Jumapili mchana, mafundi wakiwa makwao, slabu ile ikashuka chini yote kwa mkupuo. Chini yake alikuwamo kibarua mmoja, kijana mbeba zege aliyejilaza mle kukwepa jua. Walimfukua akiwa hai, wakamkimbiza hospitali, na huko mguu wake mmoja ukakatwa.

"Bomu," alisema Msagaji, akiwa amezima mashine makusudi ili asikike. Alikuwa mweupe kwa unga tangu kope mpaka kandambili, na alikuwa na jibu la kila kitu isipokuwa kwa nini unga wako unapungua. "Mimi nasema bomu. Jengo haliamki tu likaanguka. Tajiri ana maadui."

"Maadui gani?" akauliza mama mmoja kwenye foleni.

"Wauza magodoro wenzake! Wewe unadhani godoro ni jambo dogo? Nusu ya maisha ya mtu yako juu ya godoro."

Mwingine akasema kuna handaki linapita chini ya kiwanja kile, la nani hakujua. Mwingine akasema tajiri alilibomoa mwenyewe ili alipwe bima. Ndipo Mwalimu, aliyekuwa akifundisha fizikia shule ya jirani na ambaye hakuweza kusikia ujinga akanyamaza, akatoa rula yake mfukoni. Aliilaza juu ya madebe mawili, akabonyeza kati kwa kidole.

"Tazameni. Rula inapinda wapi? Katikati. Zege bichi haliwezi kujibeba, linabebwa na miti iliyosimamishwa chini yake. Ukitoa miti kabla zege halijakomaa, uzito wote unakuja hapa." Akabonyeza zaidi, rula ikalia kwa uchungu. "Bomu la nini? Hii ni fizikia ya watoto. Miti ilitolewa mapema, basi."

Macho yote yakamgeukia mwanamke mmoja aliyekaa juu ya debe lake la mahindi. Walimwita Mama Miti. Mtu yeyote aliyejenga ghorofa sehemu zile alikodi kwake ile miti mirefu ya kushikilia zege, na yote ilipakwa rangi ya bluu kichwani ili isipotee kwa majirani. Kazi ile aliianzisha marehemu mumewe, na watu walipodhani itakufa pamoja naye, mjane akaishika na kuikuza mpaka ikawa mara mbili.

Mama Miti alihisi moto ukimpanda shingoni. Angeweza kunyamaza. Angeweza hata kusema hajui. Lakini mdomo una haraka zake, na wake ulikuwa umeshazoea kumshinda mwanamume yeyote katika mambo ya ujenzi.

"Mwalimu, samahani baba," alisema, "wewe umewahi kusimamisha mti hata mmoja, mbali na hiyo rula?"

Kicheko kikalipuka. Mwalimu akatabasamu kidogo, kama mtu aliyekanyagwa na mkubwa wake.

"Miti ile naijua kama vidole vyangu. Jumapili ilikuwepo yote, mahali pake. Na mimi nilikuwa nyumbani, nikasikia kishindo kwanza. Puu! Halafu ndiyo jengo likaanguka. Sasa nieleze, hiyo fizikia ya watoto inasemaje kuhusu hiyo puu?"

Waliocheka walipiga makofi. Mwalimu akairudisha rula mfukoni. Msagaji akawasha mashine kwa mbwembwe za mtu aliyeshinda kesi, na Mama Miti akabebewa debe lake kwa heshima mpaka kwenye mdomo wa mashine. Alisimama pale akitazama unga ukimiminika, asithubutu kumtazama mtu, kwa sababu hakuna puu yoyote aliyoisikia.

Na miti ya katikati aliitoa yeye.

Ilikuwa Jumamosi, vibarua wameshaondoka. Alikuwa amemwahidi mteja mwingine, mwenye ukumbi wa mikutano, miti ya kutosha kwa zege la Jumatatu, na katika kuhesabu akaona imepungua. Akaenda kwa fundi mkuu wa ghorofa la tajiri. Wakapanda juu, wakafanya kile mafundi wote wanachofanya: walichora slabu kwa msumari. Zege likichimbika, bado. Msumari ukiacha mstari mweupe tu, limekauka. Jua la wiki ile lilikuwa kali, na mstari ukatoka mweupe, mwembamba, wa kupendeza. Marehemu mumewe alimwonya mara nyingi kwamba msumari unaleta habari za juu peke yake, za chini unazisubiri. Mama Miti aliyakumbuka maneno yale akiwa amesimama palepale juu ya slabu, akaamua kuwa marehemu alikuwa mwoga kidogo.

"Tutoe ya katikati tu," alimwambia fundi mkuu. "Ya pembeni ibaki. Kuta si zipo?"

Fundi mkuu alisita, akajikuna kisogo. Mama Miti akamcheka: "Wewe ni fundi wa majengo au fundi cherehani?" Mwanamume wa watu akachukua nyundo. Mama Miti mwenyewe ndiye aliyeivuta miti ile nje mmoja mmoja, na kwa kuwa hapendi kuacha eneo la mtu chafu, akafagia na vumbi.

Jumapili jioni simu ya fundi mkuu haikupatikana tena, na Msagaji akatangaza kwamba ametekwa kwa sababu alijua mengi.

Sasa, uongo wa Mama Miti ungekuwa wa kujikinga tu, kama ungekaa pale ulipozaliwa. Lakini bomu linahitaji mtega bomu. Kesho yake tu mtu mmoja kwenye foleni akauliza ni nani mtaani anayejua mambo ya milipuko, na wote wakageukia upande mmoja, maana jibu lilikuwa moja.

Fundi majiko aliitwa Baruti tangu zamani, kwa utani. Ujana wake aliumalizia kwenye machimbo ya mawe, akilipua miamba, na machimbo yakamrudisha na sikio moja zima na jingine la mapambo. Siku hizi alitengeneza majiko ya gesi katika kibanda kilichoegemea ukuta wa uwanja wa Mama Miti. Alikuwa rafiki wa marehemu, wakiitana ndugu, ndiyo maana kila asubuhi alimsalimu mjane kwa sauti ya mtu asiyejua ana sauti kubwa kiasi gani: "Shemeji! Umeamkaje!" Mtaa mzima ulikuwa ukiamka kwa salamu ile.

Watu wakaanza kuja kuchukua majiko yao hata kabla hayajatengenezwa. Wengine walikuwa waungwana, walisema wamepata jiko jingine. Wengine hawakusema kitu. Mtu mwenye kipaji na mkaa akachora bomu mlangoni kwake, lenye utambi na cheche. Mwenye nyumba alikopanga akamwomba atafute chumba kingine, si kwa ubaya, ila kwa ajili ya usalama wa wapangaji wenzake. Kila asubuhi Baruti alifuta bomu lake mlangoni kwa kitambaa, akakaa kwenye kigoda, akasubiri wateja.

Mama Miti aliyaona yote kwa dirisha lake. Hakuweza kula. Akifumba macho aliuona msumari, na akiyafumbua alimwona Baruti. Mwishowe akafanya jambo la kipuuzi: akalichomoa bomba la jiko lake zima, lisilo na ugonjwa wowote, akambebea ili apate japo kazi.

Baruti alilipokea jiko kwa mikono miwili. "Karibu ukae, shemeji. Nilitaka kukuuliza kitu, nikaogopa kukusumbua." Akasogeza kigoda upande wa sikio lake zima. "Ile puu uliyoisikia. Ilitoka chini, au juu?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nataka kujua tu. Ilikuwa nzito, kama imefunikwa na udongo?"

Mama Miti akasema hakumbuki vizuri. Baruti akatikisa kichwa taratibu, akawa anaizungusha bisibisi mkononi.

"Walipoanza kuchimba msingi pale, walikuta mwamba. Tajiri akaniita nikaupasua, kazi ndogo tu, matundu machache. Nikayatia baruti, nikakaa mbali, nikahesabu milio. Nilidhani yote yamelia. Lakini nilihesabu kwa sikio moja, shemeji. Siku hizi sipati usingizi. Najiuliza, kama kuna tundu moja lilikataa, likabaki humo chini linasubiri? Watu wanasema nimetega bomu, nakasirika. Halafu nakumbuka kwamba wewe umesikia kwa masikio yako. Wewe huna sababu ya kunidanganya."

Mama Miti akainuka kwa ghafla mpaka kigoda kikaanguka. Alisema amesahau kitu motoni, ingawa jiko lake lilikuwa mikononi mwa Baruti, naye Baruti kwa adabu yake hakuuliza moto upi. Aibu ilimshika Mama Miti vibaya. Mtu anaweza kuvumilia kuona mwenzake akisingiziwa, hilo wengi tu wamelivumilia. Kumwona akianza kuusadiki uongo wenyewe na kujishitaki ndiko kulikomshinda.

Akaenda moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga. Alimwambia Msagaji azime. Foleni ilikuwa ndefu, na Mwalimu alikuwapo.

"Nilidanganya," alisema. "Sikusikia puu. Miti ya katikati niliitoa mimi Jumamosi, zege likiwa bichi kwa chini. Baruti hana kosa. Hakukuwa na bomu."

Walimtazama. Msagaji akashuka kutoka kwenye kile kijukwaa chake, akamsogelea, akamwekea mkono begani, alama ya vidole vyeupe ikabaki kwenye kitenge.

"Mama," akamnong'oneza, "wamekufuata nyumbani?"

"Nani?"

"Hao."

"Hao nani?"

"Usiwataje. Tumeelewa." Akawageukia watu, machozi ya hasira yakimlengalenga. "Mnaona? Wameshamfikia! Mjane wa watu! Wamemtisha mpaka anajisingizia mwenyewe!"

"Hakuna aliyenitisha! Nawaambia niliitoa kwa mikono yangu hii!"

"Na amefundishwa maneno," alisema yule mama wa kwenye foleni, akisikitika. "Maskini, jinsi anavyotetemeka."

Mama Miti akamgeukia Mwalimu kama mtu anayezama anavyogeukia ukingo. "Mwalimu, waambie! Si wewe uliyesema miti ilitolewa mapema? Ulisema kweli! Mimi ndiye niliyekuaibisha, nisamehe, lakini waambie!"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta taratibu. Alikuwa amefika mbali tangu siku ile. "Nilisema vile kabla ya kupata taarifa kamili, mama. Baada ya ushahidi wako nilipiga hesabu upya. Mshindo husafiri ndani ya ardhi haraka kuliko hewani, na slabu ikitikiswa toka chini hupoteza mhimili." Alikuwa amenunua rula mpya, ndefu zaidi. "Kila kitu kinalingana. Nimewafundisha hata wanafunzi."

"Lakini sikusikia kitu!"

"Mtu akipata mshtuko husahau. Hiyo nayo ni sayansi."

Walimrudisha nyumbani kwa msafara. Wanaume wawili wakajitolea kulinda geti lake bila malipo, wakakaa pale na mafimbo, macho yao kwenye kibanda cha Baruti. Mama Miti aliwafukuza kwa matusi ambayo marehemu asingeamini anayajua. Walisogea hatua chache, wakakaa tena. Msagaji alisema matusi yale ni dalili.

Jioni hiyohiyo akavuka mpaka kibandani. Baruti alikuwa anapanga vifaa vyake kwenye gunia, kila kimoja akikifuta kwanza. Mama Miti akamweleza yote, tangu msumari mpaka ufagio. Hakuficha kitu, hata lile neno alilomwambia fundi mkuu kuhusu cherehani.

Baruti alisikiliza ameinamisha sikio lake zima. Akatabasamu.

"Wamenipa habari kwamba umetishwa. Nikawaambia, huyo hatishiki, namjua. Umekuja kunipunguzia mzigo tu, shemeji."

"Sikupunguzii kitu! Ndiyo ukweli!"

"Marehemu ndugu yangu alikuwa hivyohivyo. Mtu wa kujitwisha ya wenzake." Akakunja kitambaa, kile cha kufutia mlango. "Usijali. Mimi nimeshapata nafuu. Jana nilikwenda hospitali kwa yule kijana. Nikamweleza habari za mwamba, za matundu, za sikio langu. Nililia, sitakuficha, mtu mzima kabisa. Nikamwomba msamaha. Amenisamehe, shemeji."

"Umeomba msamaha wa nini wewe!" Mama Miti alimpigia kelele hadi walinzi wake wakasimama. "Wa nini, mwanamume wee!"

Baruti akampigapiga mkono, akimtuliza, akamwambia jiko lake litakuwa tayari asubuhi.

Kulipokucha Mama Miti alikuwa wa kwanza kwenye lango la hospitali. Kijana alikuwa kitanda cha karibu na mlango, mwembamba kuliko alivyomtarajia, shuka limelala bapa pale mguu ulipopaswa kuwa. Kijana alimtambua Mama Miti kabla hajasema jina lake.

"Wewe ndiye mwenye miti yenye vichwa vya bluu."

"Ndiye mimi. Mwanangu, ile ya katikati niliitoa siku moja kabla. Zege halikuwa tayari. Hakuna mlipuko, hakuna bomu. Ni mimi."

Alijiandaa kwa hali yoyote: aambiwe ametishwa, afukuzwe, atukanwe. Kijana aliitazama dari.

"Ndiyo maana palikuwa peupe," alisema.

"Wapi?"

"Pale katikati. Siku zote tukijilaza mle tunajikunja kati ya miti, huwezi kujinyoosha. Siku ile nikakuta pana nafasi, tena pamefagiliwa. Nikasema, leo nimekumbukwa. Nikanyoosha miguu yote miwili."

Mama Miti akashika chuma cha kitanda.

"Hukuwaambia watu kwamba palikuwa peupe?" aliuliza.

"Mimi kazi yangu kubeba ndoo, mama. Nitajuaje mti upi unashika nini? Polisi walikuja wakaniuliza kama nilisikia mlipuko. Nikawaambia nilikuwa nimelala. Hakuna aliyeniuliza nililala wapi."

"Basi tuwaambie. Mimi peke yangu hawaniamini."

"Nikipata magongo nitakusindikiza. Nitasema nilichokiona." Alifumba macho, akayafumbua. "Yule mzee alilia hapa, akapiga magoti. Kumbe hakufanya kitu."

"Hakufanya kitu."

"Na wewe hujapiga magoti."

Mama Miti akapiga magoti pale sakafuni, kati ya kitanda na meza ya dawa, wagonjwa wengine wakitazama. Akaomba msamaha. Aliomba kwa maneno machache, maana mengi yangekuwa ya kujitetea, na kujitetea alikuwa amekuchoka.

Kijana alimwacha amalize. Hakuonekana kuwa na hasira, alionekana kuchoka tu.

"Mama, nilikuwa na msamaha mmoja," alisema. "Niliutafuta siku nyingi humu kitandani, nikaupata kwa shida, nikampa yule mzee. Sina mwingine. Mfuate yeye, labda atakugawia."

Alirudi mbio, kadiri mwanamke wa umri wake anavyoweza kukimbia. Kibanda kilikuwa kitupu, kimefagiwa, na mlango ulikuwa safi bila alama ya mkaa. Wale walinzi wawili walikuwa wamesimama, mafimbo begani, wakijiandaa kwenda makwao.

"Pumua sasa, mama," alisema mmoja. "Ameondoka alfajiri na gunia lake."

"Ameelekea wapi?"

"Hatukumuuliza. Unaona mwenyewe, mtu asiye na kosa anakimbia?"

Jiko lake lilikuwa limewekwa getini, limesuguliwa mpaka linang'aa. Lile bomba alilolichomoa kwa mkono wake lilikuwa limerudishwa mahali pake, na Baruti alikuwa ameongeza kibanio kipya cha chuma, akakikaza vizuri, ili lisije likatoka tena kwa bahati mbaya. Mama Miti alikigusa kile kibanio. Kisha akaliacha jiko hapohapo getini, akageuka, akaenda kituo cha magari kuuliza ya alfajiri yalikwenda njia gani.